Nguzo ya Tisa kwa Bibi Mkunga

Visa vya namna hii kwa kawaida humpata jirani wa rafiki ya mtu fulani, na ukimtafuta huyo jirani humpati. Hiki kilimpata mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa mama yangu. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kupima na kukata, kutunga siwezi. Mjomba ndiyo kabisa. Akitoka harusini ukamuuliza ilikuwaje, atakwambia watu walikula wakaondoka. Kwa hiyo aliponisimulia mambo haya siku tatu mfululizo, bila kuongeza wala kupunguza neno, nilijua hapa pana jambo.

Kazi yake ni kuzika nguzo. Nyumba ikianza kuzama upande mmoja, mahali ambapo hata mkokoteni haupiti, ndipo anapoitwa. Mashine yake ya kuchoronga hufunguliwa vipande vipande, ikabebwa mabegani, ikapitishwa mlangoni kama kabati, halafu ikaunganishwa tena ndani ya chumba. Inatoboa ardhi huku ikishusha bomba la chuma, kipande cha mita moja juu ya kingine, mpaka ligote kwenye mwamba. Kisha zinaingizwa nondo, unapigwa uji wa saruji kwa pampu mpaka ufurike juu, na ukikauka nyumba imepata mguu. Upana wa bomba lenyewe ni kama sahani ya chakula. Hata mtoto hapiti. "Ukiona vyasimama," mjomba hupenda kusema, "ujue kuna vilivyozikwa." Alikuwa akisema hivyo na kucheka mwenyewe.

Mke wake alifariki miaka minne iliyopita, na hawakujaliwa watoto. Alibaki na chumba kimoja, sufuria moja, kikombe kimoja. Kila siku saa saba mchana, wakati wa mapumziko, alikuwa akinipigia simu. Hana la kusema. "Umekula, mama?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nimekula, mjomba." "Haya." Halafu anakaa tu pale kwenye simu, namsikia anapumua. Mwanzoni nilikuwa napokea. Baadaye wateja wakawa wengi, sare za shule zimenikaa kooni, nikawa naitazama simu ikilia mpaka inyamaze yenyewe. Nalisema hili mapema msije mkadhani nilikuwa mpwa mwema.

Halafu simu zikakoma. Nilidhani amenielewa. Sikujua kwamba amepata kazi mahali ambapo simu haishiki.

Ilikuwa nyumba ya mkunga mstaafu, mama mzee anayeishi peke yake. Mtaa mzima wanamwita Bibi Mkunga, maana nusu yao walipita mikononi mwake. Nyumba yake imebanwa katikati ya nyingine kama mtu wa katikati kwenye benchi, na chumba cha nyuma kilikuwa kinazama. Ukuta umepasuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Nyuma ya ukuta huo, nafasi ya kupitisha mkono tu, ndipo wanapolala watoto wa jirani. Mhandisi alipima, akasema nguzo tisa, na zote ziwe zimejazwa kabla ya mvua kubwa. Ikibaki hata moja wazi, ukuta utachagua upande huo na kuangukia kwa wale watoto.

Kufika kwenye chumba hicho unapita kichochoro cha hatua arobaini, upana wake mabega ya mtu. Injini na pampu zilibaki barabarani, kwa sababu moshi wa injini ndani ungeua. Pale barabarani alikaa mwenzake wa miaka mingi, wanamwita Kisiki. Jina linamfaa: akishakaa penye pampu yake, hata dunia ipinduke hasogei. Mjomba akawa peke yake kule ndani, yeye na mashine na kuta nne zenye unyevu.

Kwa kelele ile hamwezi kuitana kwa mdomo. Kwa hiyo waliongea kwa kugonga. Bomba la kupitishia uji lilikuwa limelazwa kichochoro chote, na ukiligonga kwa spana huku, mtu wa kule anasikia. Moja: simamisha. Mbili: leta. Tatu: upo? Anayeulizwa lazima arudishe tatu, yaani nipo. Asiporudisha, mwenzake anazima kila kitu na kuja mbio, kwa sababu watu wa kazi hii wameshafukiwa, wameshabanwa, wameshakosa hewa. Hiyo tatu haina mjadala. Mkono wa mjomba umeizoea miaka ishirini. Marehemu mke wake alikuwa akimchezea, anagonga tatu kwenye ubao wa kitanda, na mjomba, usingizini, anajibu.

Nguzo nane zilikwenda bila shida. Zote ziligota kwenye mwamba mita kumi na tisa chini.

Ya tisa ilikuwa kona ya ndani kabisa. Ilipofika mita kumi na tisa haikugota. Ilidondoka. Mjomba anasema ni kama unaposhuka ngazi gizani ukakanyaga kidato ambacho hakipo. Mashine ilitikisika, vyuma vikashuka nusu mita bila kukata chochote, kisha vikagota. Alishusha timazi, pande la chuma la kupimia, kwa kamba yake ndefu akapima: kumi na tisa na nusu. Kwa hiyo huko chini, chini ya udongo wote ule, juu ya mwamba, kulikuwa na uwazi wa nusu mita.

"Siyo kitu kigeni," aliniambia. "Ardhi ina mapango yake. Lakini nilifikiri, mama, na sijui kwa nini nilifikiri hivyo. Nusu mita inamtosha mtu aliyelala."

Siku hiyo saa saba Kisiki alizima injini akaenda kula. Mjomba hakwenda. Kula kwenye mgahawa peke yake, meza ya watu wanne, hilo lilikuwa linamshinda. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kando ya bomba la tisa lililochomoza sakafuni kufika magotini, na kifuniko chake hakuwa amekirudisha. Akatoa mkate wake. Chumba kilikuwa kimya. Alikuwa ameuma tonge la kwanza.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akachukua spana, akagonga tatu kwenye bomba lililokuwa karibu naye. Hakufikiri. Mdomo unatafuna, mkono unajibu. Miaka ishirini.

Alimaliza mkate. Akatoka nje kunawa. Akakuta injini imepoa, pampu iko peke yake, na Kisiki ndiyo kwanza anatokea kona ya barabara anachokonoa meno.

"Umeniita?" mjomba akauliza.

"Nikuite na nini? Na kijiko?"

Mjomba akacheka. Akarudi kichochoroni akiwa bado anacheka, na katikati ya kichochoro kicheko kikamwishia.

Ningekuwa mimi ningechukua viatu vyangu mkononi. Yeye alirudi akakaa juu ya ndoo. Alijiambia ni chuma kinapoa, chuma kikipoa hulia. Kesho yake saa saba Kisiki akaenda kula, na saa saba na robo ikaja tena. Tatu. Safari hii alisikia vizuri inapotoka. Ilikuwa inapanda ndani ya bomba la tisa, na alipolishika aliisikia kwenye kiganja.

Hakukimbia. Alijibu tatu.

Hapa ndipo mjomba aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia, macho mekundu. "Nitakwambia ukweli, mama. Nilikuwa naingoja saa saba. Naamka asubuhi, namkumbuka mtu ninayekwenda kumkuta. Ananiuliza upo, nami namwambia nipo. Basi. Kuna watu wanaoana miaka thelathini hawaulizani hata hilo."

 Nilijifanya natafuta sindano.

Bomba la tisa lilitakiwa kujazwa siku ileile lilipogota. Mjomba akaanza visingizio. Nondo zina kutu, zisuguliwe kwanza. Maji ya kuchanganyia yana chumvi. Leo pampu inakohoa, hebu tuipumzishe. Kisiki, ambaye hana haraka ya kitu chochote duniani, alianza kumtazama kwa pembe ya jicho. Siku ya nne mvua ya kwanza ikanyesha, nyepesi tu, na ufa wa ukutani ambao ulikuwa unaingiza kidole ukawa unaingiza vinne. Usiku mzima Bibi Mkunga alisikia watoto wa jirani wakikohoa kupitia ufa ule kana kwamba wamo chumbani mwake.

Siku ya tano bomba liligonga tatu, mjomba akajibu, halafu kabla hajaweka spana chini likagonga tena.

Mbili.

Leta.

"Nilete nini?" mjomba akanong'ona. Alikuwa amepiga magoti, mdomo karibu na bomba. Harufu iliyotoka ilikuwa ya maji yaliyokaa.

Mbili tena.

Hakuwa na kitu. Kilichokuwa karibu ni timazi. Akaifunga vizuri kwenye kamba akaishusha, mita baada ya mita, mpaka kamba ikalegea. Akasubiri. Hakuona kamba ikivutwa, hilo aliniapia. Ilikaa tu imelegea, muda kama wa kusema dua fupi. Halafu akaipandisha.

Chini ya bomba lile kulikuwa na maji na tope, siku zote timazi ilikuwa ikirudi imechafuka na baridi kama jiwe la mtoni. Siku hiyo ilirudi safi. Ilikuwa kavu. Na ilikuwa na vuguvugu, kama sarafu aliyoifumbata mtoto njia nzima kutoka dukani.

Hapo ndipo akaogopa. Hakuitupa timazi, aliiweka chini polepole kama kitu cha mwenyewe, kisha akaenda kugonga mlango wa Bibi Mkunga.

Bibi hakumcheka. Alivaa miwani yake, akafunga kanga vizuri, akaja chumba cha nyuma akapiga magoti kwa taabu penye bomba. Akasema, "Mwite."

Mjomba akagonga tatu. Chini ikajibu tatu.

Bibi akaweka sikio juu ya mdomo wa bomba, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Mkono wake mmoja alikuwa ameuweka juu ya chuma, vidole vimetandazwa, jinsi wakunga wanavyowawekea wajawazito. 

Bibi alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alimvuta mjomba mpaka ukumbini, akafunga mlango, ndipo akanong'ona.

"Nimesikiliza matumbo maisha yangu yote, mwanangu. Kilicho hai nakijua hata kikiwa na wiki chache. Hicho kinagonga, lakini hakipumui."

"Na kama ni mtu, Bibi? Kama amefukiwa?"

"Mtu angechoka. Mtu angekosea, angegonga nne, angelia, angekugongea usiku na asubuhi. Hiki kinangoja ukiwa peke yako. Hakichoki." Akamshika mkono. "Wale watoto wako nyuma ya ukuta wangu. Ziba."

Asubuhi ya siku ya sita mbingu ilikuwa nyeusi, upepo umeanza. Mjomba aliingiza nondo, akashusha mpira wa uji mpaka chini kabisa, maana uji huanza kujaa kutoka chini ukipanda. Kisiki yuko barabarani na pampu yake. Mjomba akagonga mbili kwenye bomba la kichochoroni. Leta. Kichochoro kikatetemeka, uji ukaanza kuja.

Injini ilikuwa inanguruma, hakutarajia kusikia kitu. Lakini mguu wake ulikuwa umegusa bomba la tisa.

Tatu.

Hakujibu. Aliiweka ile spana sakafuni, mbali.

Tatu.

Uji unaendelea kuja. Akaondoa mguu. Sasa akaisikia kwa masikio.

Tatu. Kimya. Tatu. Kimya. Haikuongeza kasi. Haikupandisha sauti. Ilikuwa inauliza tu, kwa upole, kama mtu anayejua kwamba umo ndani na mlango utaufungua. Mjomba alisimama kwenye kona ya pili ya chumba, mikono kwapani, machozi yanamtoka, mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Kisha ikagonga moja.

Injini ikazima.

 Mjomba alibaki anatazama bomba la kichochoroni. Halafu akasikia miguu inakuja mbio kichochoroni, na mlangoni akatokea Kisiki, anahema, Kisiki ambaye hajawahi kukimbia kwa ajili ya mtu.

"Kuna nini? Umebanwa?"

"Nani kakwambia usimamishe?" mjomba akanong'ona.

"Wewe. Umegonga moja."

"Sijagonga."

Kisiki alitazama spana iliyokuwa sakafuni upande wa pili wa chumba. Akamtazama mjomba alipo. Kisha, polepole, akatazama bomba la tisa.

Wote wawili walijua hesabu ya kazi hiyo. Uji ukisimama kwenye mpira unaanza kushika. Ukishashika, nguzo ni ya kutupwa, imejaa nusu, na huwezi kutoboa tena mahali palepale. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, matone makubwa. Vumbi la plasta lilikuwa linadondoka kutoka kwenye ufa.

"Tuna dakika kumi," Kisiki akasema. "Mimi narudi kwenye pampu. Lakini siwashi mpaka unigongee mwenyewe. Sitaki nilale na hili peke yangu." Akaondoka.

Mjomba akaenda akaokota spana. Aliniambia alichofikiri, na nimekibeba mpaka leo. Alifikiri: kama huyu ni mtu, mimi ni muuaji. Na kama si mtu, basi naua kitu pekee duniani kinachoniuliza kama nipo.

Mimi nilikuwa wapi dakika hizo kumi? Nilikuwa dukani kwangu, natia pindo. Simu yangu ilikuwa mezani, kimya, nami nimeridhika.

Nyuma ya ukuta mtoto akaanza kulia.

Mjomba akagonga mbili.

Na kutoka chini, kabla injini haijawaka, ikarudi mbili. Leta. Kama vile imekubali. Au kama vile ndicho ilichokuwa inakitaka tangu mwanzo.

Uji ulipanda mpaka ukafurika juu ya bomba. Hakikusikika tena kitu. Mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua, na ukuta haukusogea hata unywele. Watoto wa jirani walilala. Bibi Mkunga alilala. Mjomba hakulala. Siku ya tatu Kisiki alimleta kwangu akiwa amemshika kiwiko kama kipofu, akaniambia mlangoni, "Mchukue. Anazungumza na sakafu." Ndipo nilipoyasikia haya yote.

Nilimtandikia chumba cha pili. Nilimpikia, hakula. Nilikaa naye usiku na mchana, nikafunga duka, wateja wakanuna. Wiki nzima hakufumba macho. Alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu: alikuwa mtu au hakuwa mtu?

"Nenda ukaangalie, mama," akasema siku ya saba. "Tuliondoa kipande cha juu cha bomba, zege liko wazi pale sakafuni kama zile nyingine nane, hawajamwaga bimu la kuziunganisha. Kama kuna alama yoyote ya mtu, hata ukucha, uniambie. Nitakwenda polisi kwa miguu yangu. Kama hakuna, pia uniambie, nipate kulala. Nitakuamini wewe."

Nilikwenda. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba mjomba amechanganywa na upweke, na upweke huo nina mkono wangu ndani yake. Futi yangu ilikuwa shingoni, siivui, ni kama mkufu. Bibi Mkunga alinifungulia bila kuniuliza mimi ni nani. Alinipitisha mpaka chumba cha nyuma, akabaki mlangoni.

Vichwa tisa vya zege vilikuwa vimetokeza sakafuni. Vinane laini, mviringo, kama vigoda vya watoto. Nikaenda kona ya ndani.

Juu ya kile cha tisa palikuwa na kiganja.

Nilidhani ni fundi fulani ameweka mkono zege likiwa bichi, watu hucheza hivyo. Nikainama. Alama ya mkono kwenye zege huzama. Hii haikuwa imezama. Ilikuwa imetokeza. Vidole vitano, mistari ya kiganja, mpaka mikunjo midogo ya maungio, vyote vimeinuka kwa juu, kama mtu anavyosukuma shuka kutoka ndani.

Sijui kwa nini nilipima. Mikono ya fundi haina akili ikiogopa. Kutoka mwanzo wa kiganja hadi ncha ya kidole cha kati, inchi saba na nusu. Nikakigusa. Zege la siku tisa, kwenye chumba chenye unyevu, kona isiyopata jua.

Lilikuwa na vuguvugu.

"Bibi," nikanong'ona, "hiki kimekuwepo tangu lini?"

"Juzi zilikuwa ncha za vidole tu," akasema. Hakuingia ndani. "Jumamosi wanakuja kumwaga bimu. Usimwambie mjomba wako."

"Akiniuliza?"

"Mwanangu, wewe umekuja kuangalia au umekuja kumponya?"

Nilirudi nyumbani. Mjomba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Nikamtazama machoni. Kwa mara ya kwanza maishani nikatunga.

"Hakuna kitu, mjomba. Laini kama zile nyingine. Nimepitisha mkono juu yake, zege tupu."

 Mabega yake yakashuka, akasema, "Haya. Asante, mama." Akajilaza kwa ubavu, hata viatu hakuvua. Nilimvua mimi. Alilala saa kumi na sita.

Jumamosi nilikwenda tena. Nilijiambia nataka kuona pamefunikwa, nitulie moyoni. Mafundi walikuwa wageni, watu wa zege tu, hawajui lolote. Walikuwa wanapiga miluzi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa juu ya kichwa cha tisa, Bibi ndiye aliyekiweka. Zege lilipokaribia, fundi mmoja akakivuta akakitupa pembeni bila kutazama chini, akageuka kuchukua ndoo nyingine.

Mimi nilitazama. Kiganja hakikuwepo.

Palikuwa na ngumi. Imekunjwa barabara, maungio ya vidole juu, imeinuka kutoka kwenye zege mpaka kifundo cha mkono.

Fundi akamimina. Zege likaizunguka, likapanda, likaifunika. Wakalisawazisha kwa ubao, mmoja wao akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Sasa kuna vigae juu yake, na Bibi Mkunga ameweka kabati pale. Mjomba amepona. Anakula, amenenepa kidogo, amerudi kazini na kila siku saa saba ananipigia simu, nami napokea. "Umekula, mama?" "Nimekula, mjomba." Juzi akaniambia, kwa furaha kabisa, "Unajua, mama, siku ile ungesema kuna kitu, mimi nisingekuwepo leo." Nikamwambia najua.

Kisha akakata simu, nikabaki mimi na cherehani.